Tunavuna Mchanga Ambao Hatukuupanda

Hebu tuongee ukweli kuhusu hili neno "kuvuna". Huku Ukambani tunasema lori limeenda mtoni kuvuna mchanga. Kuvuna? Kwani nani aliupanda? Mahindi unavuna kwa sababu ulilima, ukapanda, ukapalilia. Mchanga unazoa tu, unauza, basi.

Mimi natoka Makueni. Mito yetu mingi ni ya msimu. Mvua ikinyesha inafurika, baada ya wiki chache unaona mchanga mkavu tu. Mgeni akipita atasema mto umekufa. Kumbe maji yako chini, katikati ya chembe za mchanga, mahali jua haliyafikii. Ndiyo maana wakati wa kiangazi kina mama wanafukua visima palepale mtoni na wanapata maji safi. Ndiyo maana pia watu hujenga mabwawa ya mchanga: ukuta unakinga mto, mafuriko yanaleta mchanga, na mchanga unashika maji. Huo mchanga ndio tangi letu.

Sasa lori likibeba mchanga kwenda kwa mijengo ya Nairobi, limebeba tangi. Unabaki mwamba mtupu, kingo zinabomoka, na mvua ikinyesha maji yanapita mbio kwenda zake. Halafu kijana aliyepakia lori anatumia pesa hiyohiyo kununua maji ya mtungi.

Siwalaumu wapakiaji. Wengi ni rika langu. Niliacha chuo kwa kukosa karo, kwa hivyo najua kuamka bila hata shilingi. Lakini tuulizane: mwenye koleo na mwenye lori, nani anatajirika hapa?

Kaunti ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015. Sheria pekee haitoshi kama sisi bado tunaona mchanga ni bure. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika maeneo kame ya Kenya. Kisha 2024 tukapata mafuriko. Tabianchi ikibadilika hivi, anayeweza kushika maji yanapokuja ndiye atakayekunywa yakiisha.

Maoni yangu ni haya: mchanga wa mtoni tuuhesabu kama maji, na tusichukue zaidi ya kile mafuriko yanarudisha. Na wewe unayejenga, kabla hujalipa, muulize fundi: huu mchanga umetoka mto gani, na watu wa huko wanakunywa nini?