KUCHAGUA VIFAA VYA KUSAFISHIA MOTOKAA
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Napenda kueleza juu ya kazi ambayo wengi huiona ni ndogo, nayo ni kazi ya kusafisha motokaa, na hasa jinsi ya kuchagua vifaa vyake mtu anapoanza. Katika likizo ya Desemba iliyopita ilinibidi kuifikiri sana kazi hiyo, maana fedha zilizotumika hazikuwa zangu wala za kaka yangu. Zilikuwa za mama.

Kwetu ni Bomang'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai, katika barabara kuu itokayo Moshi kwenda Arusha. Mtu aliyepita hapo wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa habari za vumbi. Ukipanda upande wa Machame wakati wa masika, matope ya vijia vya vihambani hushika gari kama uji ulioganda. Ukiteremka Rundugai, ambako watu huenda kuoga katika chemchemi ya Chemka, utarudi na gari ambalo rangi yake haijulikani. Tena mwezi wa Desemba Wachaga walioko Dar es Salaam huja nyumbani kwa Krismasi, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, na magari yao hufika na wadudu waliokufa wamegandamana kwenye bampa na kioo cha mbele. Kwa hiyo kazi ipo, na vijana waifanyao wapo wengi.

Kaka yangu alimaliza kidato cha nne miaka miwili iliyopita, akabaki nyumbani akifanya vibarua. Mama alipopata zamu yake ya upatu, Sh. 85,000, alituita jikoni akaziweka mezani. Akasema, "Hizi ndizo. Nenda ukaanze hiyo kazi yako kabla ya sikukuu. Zikiisha bila kazi, mwanangu, mimi sina nyingine mpaka Juni." Kisha akanigeukia, "Na wewe unayesoma hiyo kemia yenu, fuatana naye." Nafikiri mama aliogopa kwamba kaka atanunua vitu vya kupendeza macho, na kwa kweli hofu yake haikuwa ya bure.

Kabla ya kwenda dukani tulikwenda kwanza kumwamkia jirani mmoja mwenye gari jeusi. Alituonyesha boneti lake juani. Ilikuwako mikwaruzo midogo midogo ya mviringo, mingi ajabu, kama utando wa buibui. Alisema gari lilikuwa likioshwa mahali pamoja kwa muda wa mwaka mzima, kwa ndoo moja na tambara moja lililotumika tangu asubuhi hata jioni kwa kila gari lililofika. Fundi wa rangi alikuwa amekwisha kumtajia bei ya kuliondoa tatizo lile, nayo ilishinda fedha zote alizopewa kaka mara kadhaa. Tulirudi nyumbani kimya. Kaka alifahamu kwamba gari moja la mgeni wa Dar es Salaam likiharibika mikononi mwake, mtaji wa mama hautatosha hata kuombea radhi.

Sababu ya mikwaruzo ile si ngumu kuielewa. Rangi ya gari la siku hizi ina tabaka kadhaa, na ile ya juu kabisa ni vanishi isiyo na rangi, ambayo kwa kawaida ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Vumbi letu nalo si unga wa mahindi. Nchi ya chini ya Kilimanjaro imejaa mawe na majivu ya volkano yaliyosagika, na zile chembe za mchanga zinazometameta ni ngumu kuliko chuma cha kisu. Basi mtu asuguapo vumbi hilo kwa tambara, hasafishi gari, analipiga msasa. Hii ndiyo sababu nashikilia kwamba anayeanza, fedha zake za kwanza azitumie kwa vitu vya kuondoa mchanga pasipo kuusugua, yaani maji, ndoo na vitambaa. Vitu vya kung'arisha vije nyuma kabisa.

Kaka hakukubali upesi. Tulipofika Moshi, katika duka la vipuri, alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya makopo yenye picha za magari mekundu. Akashika dawa ya kupaka tairi, akashika manukato ya kuning'iniza kwenye kioo, akashika na kopo la krimu ya kung'arisha rangi. Akaniambia, "Mdogo wangu, mteja hulipia anachokiona. Tairi likiwa jeusi na gari likinukia, amefurahi." Nikamjibu, "Kaka, yule jirani naye anaona. Anaiona ile mikwaruzo kila siku jua likitoka." Muuza duka alicheka, lakini alitusaidia. Alituambia kwamba ile krimu ina chembe za kusugua ndani yake, nayo hufanya kazi kwa kupunguza vanishi, na kwamba asiyejua kuitumia asiiguse. Nimeona kwamba muuza duka akikushauri usinunue kitu chake, yafaa kumsikiliza.

Mwisho tulinunua hivi. Ndoo 3 kwa Sh. 18,000: moja ya maji ya sabuni, moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila mara kabla hakijarudi kwenye sabuni, na ya tatu, yenye rangi tofauti, kwa ajili ya magurudumu tu. Vitambaa vya mikrofaiba 6 kwa Sh. 18,000. Shampuu ya gari lita 1 kwa Sh. 15,000. Brashi laini 2 kwa Sh. 6,000. Kopo dogo la nta kwa Sh. 14,000. Kisha tukaenda soko la Memorial, kwenye mitumba, tukachagua taulo 8 za pamba nzito kwa Sh. 12,000. Taulo hizo nazisifu kuliko vitu vyote. Zimekwisha kufuliwa mara nyingi huko zilikotoka, basi hazitoi manyoya, na hunyonya maji vizuri. Ila lazima kukata lebo na pindo gumu la pembeni, kwa kuwa hapo ndipo zinapokwaruza. Zilibaki Sh. 2,000, tukanunua siki ya kusafishia vioo na kipande cha sabuni ya kufulia vitambaa vyenyewe. Sponji hatukununua. Vishimo vyake hukamata mchanga, wala hautoki kwa urahisi.

Juu ya shampuu, mama alikuwa na swali la haki kabisa. Alisema, "Sabuni ya unga ipo ndani. Hiyo ya Sh. 15,000 ina nini?" Sikutaka kumjibu kwa maneno ya chupa. Nilichuma maua mekundu ya choya, nikayatia katika maji ya moto mpaka yakatoa rangi, kama tulivyofundishwa darasani kutengeneza kipimo cha asidi na besi. Nikagawa maji hayo katika vikombe vinne. Sabuni ya unga iliyageuza kuwa ya kijani. Sabuni ya kipande pia iliyageuza. Sabuni ya maji inayouzwa mitaani katika chupa zilizokuwa za maji ya kunywa iliyageuza kuliko zote. Shampuu ya gari haikuyabadili sana. Maana yake ni kwamba zile sabuni tatu ni besi, nazo ni nzuri kwa kutoa mafuta kwenye nguo na sufuria, lakini zikitumika kila wiki huondoa nta iliyopakwa juu ya rangi na kukausha mipira ya madirisha. Tena sabuni ya kipande ikikutana na maji magumu, yaani yenye chokaa, hufanya utando mweupe usioyeyuka, ambao hubaki juu ya gari. Mama alitazama vikombe, akasema, "Haya, basi usiniguse kikombe hicho cha mwisho mpaka kimeoshwa." Shampuu hiyo haitumiki nyingi, kwa maelezo ya chupa yetu, kifuniko kimoja chatosha ndoo moja, nayo ilidumu likizo nzima.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alishauri tutumie nta ya nyuki, ambayo hupatikana hapa kwetu, badala ya ile ya kopo. Wazo lake si baya, wala sikulicheka. Lakini nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 hivi, na huanza kulainika kabla ya hapo. Na boneti jeusi lililosimama juani Bomang'ombe halishikiki kwa mkono. Nta laini hugeuka gundi ya vumbi. Nta za magari zilizo nyingi huchanganywa na nta ya karnauba, itokayo kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi huko Brazili, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 80. Kwa hiyo hapa kwetu ile ya kopo inafaa zaidi, ijapokuwa imetoka mbali.

Yako mambo mengine ambayo nilimsihi kaka ayaache, si kwa sababu ya fedha bali kwa sababu ya hatari. Vijana wengi hupaka tairi mafuta ya taa au dizeli ili ling'ae. Mpira ukinywa mafuta hayo huvimba na kulegea, na ndivyo pia kwa mipira ya injini. Wengine husugua rimu kwa waya wa chuma. Tena wako wapakao dawa ya kung'arisha kwenye usukani, kwenye pedali, na kwenye viti vya bodaboda. Mguu ukiteleza kwenye breki mbele ya malori ya barabara kuu, usafi huo umemfaa nani? Kwa pikipiki, dawa ya tairi ikigusa sehemu inayokanyaga lami, dereva anaweza kuanguka kwenye kona ya kwanza. Jambo hili kaka alilishika bila ubishi, kwa sababu rafiki zake wengi ni madereva wa bodaboda.

Kazi ilianza tarehe 15 Desemba, kando ya nyumba yetu, kwa maji ya bomba la jirani ambaye tulimlipa kwa dumu. Hatukwenda mtoni wala kwenye mfereji, ingawa huko maji ni ya bure. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hata kama isingekuwako, mfereji wa Kichaga huenda kwa mtu mwingine anayemwagilia mboga na kunywesha ng'ombe. Tulichimba shimo, tukalijaza kokoto, maji machafu yakaingia humo.

Lazima niseme ukweli kwamba siku za mwanzo hazikuwa nzuri. Kaka alimwagia gari maji kwanza, akangoja vumbi lilainike, akaosha kutoka paa kwenda chini, akasuuza kitambaa kila upande. Saa nzima kwa Noah moja. Dereva mmoja wa abiria alitazama saa yake, akasema, "Kijana, unaosha gari au unaoga mtoto?" Akaondoka kwenda kwa wengine. Wateja watatu kwa siku moja waliuliza dawa ya tairi, na kaka akanitazama kwa jicho ambalo sikulipenda. Hapo naona kaka alikuwa na haki kwa sehemu yake: mteja hawezi kuiona mikwaruzo ambayo haikutokea. Kwa fedha za wiki ya kwanza alinunua chupa ndogo ya dawa ya tairi, ile isiyo na mafuta ya petroli, nami sikupinga, kwa sababu ndoo na vitambaa vilikuwa vimekwisha patikana.

Wiki ya Krismasi ikabadilika. Gari la kwanza lililotoka Dar es Salaam lilikuwa jeusi. Mwenyewe alisimama karibu, mikono mfukoni, akiangalia ndoo zile tatu. Akauliza moja ni ya nini, kaka akamweleza. Akaangalia taulo lililoanguka chini kaka akilitupa kwenye fungu la magurudumu na kuchukua jingine. Hakusema neno. Kesho yake alileta la shemeji yake, na kesho kutwa yakaja mawili ya wageni wao. Kufika tarehe 5 Januari, siku niliyokuwa nikifunga sanduku langu kurudi shuleni, kaka alikuwa amekwisha kumrudishia mama Sh. 50,000. Zilizobaki walikubaliana zikae kwenye kazi.

Sasa kaka anatamani mashine ya kung'arishia rangi, ile izungukayo kwa umeme, na yule jirani wa gari jeusi anamngoja. Mimi nimemwandikia kwamba asiinunue kwanza. Fundi mmoja wa bodi amempa boneti kuukuu la gari lililopata ajali, ili ajifunze kwa mkono na ile krimu tuliyoiacha dukani. Limeegemezwa nyuma ya jiko letu. Katika barua yake ya mwisho anasema nusu ya kulia imeanza kuonyesha sura ya mtu, na ya kushoto ameisugua mpaka vanishi imekwisha.