Kumuuguza Sijali

Kitenzi *uguza* kimenisumbua tangu mwezi wa Juni, na kwa kuwa nazungumza na watu ambao vitenzi huwanyima usingizi, naomba nianze nacho kabla sijaeleza kilichonipata.

Kanuni tunayoifundisha darasani ni nyepesi. *Pungua* huzaa *punguza*, *potea* huzaa *poteza*, *tulia* huzaa *tuliza*. Mwenye kupunguza ndiye asababishaye kitu kipungue. Kwa kanuni hiyohiyo, mwenye kuuguza angekuwa mtu wa kukimbiwa, maana yeye ndiye angemtia mwenziwe ugonjwa. Wala hakuna Mswahili aisikiaye hivyo. Kuuguza ni kumhudumia mgonjwa, kumgeuza ubavu, kumwinulia kikombe, kukesha. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini, nami nikamwelekeza kwenye *vusha*. Mwenye mtumbwi humvusha abiria, lakini hawezi kumvusha bila yeye mwenyewe kuvuka. Maji yaleyale, hatari ileile. Sina hakika kama mwanaisimu angeridhika na jibu hilo. Mimi liliniridhisha wakati ule, na mwaka huu limenifaa zaidi.

Niliyemuuguza ni mbwa. Jina lake Sijali.

Jina hilo sikumpa mimi. Msomaji aliyekulia katika mitaa yetu anajua kwamba majina ya mbwa mara nyingi si ya mbwa. Ni barua. Mtu aliyegombana na jirani humwita mbwa wake Wivu, au Mtanikoma, kisha kila jioni husimama uani na kuita kwa sauti ya kutosha kuvuka ua. Aliyenipa mbwa huyu alikuwa na ugomvi wake wa mpaka wa kiwanja; alipohama Songea alimwacha mbwa pamoja na jina. Kwa miaka sita nimekuwa nikiita "Sijali!" mbele ya watu wasionikosea lolote.

Mwishoni mwa msimu wa mavuno shemeji yangu alimchukua kwenda shambani, wilayani Namtumbo, kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori. Kazi hiyo Sijali aliipenda kuliko kulinda geti langu. Upande wa kaskazini wa Namtumbo umepakana na Pori la Akiba la Selous, na huko kuna yule nzi ambaye watu wa pwani humwita mbung'o na wengi wa bara humwita ndorobo. Sijali alirudi na homa, uso umevimba, tezi za shingo zimejaa kama amemeza kokwa za maembe. Baada ya siku chache macho yake yalianza kufunikwa na utando wa buluu iliyopauka, kama ukungu wa asubuhi unavyokaa juu ya milima ya Matogoro.

Bwana mifugo alikuja kwa bodaboda. Alimtoa damu kidogo sikioni, akaipaka kwenye kioo, akaondoka nayo, na jioni akanipigia simu: nagana. Alieleza kwa utaratibu kwamba ni vimelea vya damu, kwamba nzi ndiye mjumbe, kwamba mtu haupati kwa kumgusa mbwa. Hili la mwisho alilisema mara mbili, kisha siku iliyofuata akaja kulirudia mbele ya majirani. Alifanya vyema. Mtaa ulikwisha kunong'ona kuhusu kichaa cha mbwa, na sikuwalaumu: kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu karibu hakina kurudi nyuma, na uani kwetu watoto hupita kutwa nzima. Niliwaonyesha kadi ya chanjo ya Sijali. Watu wakapumua.

Neno *nagana* lenyewe lina safari yake. Limetoka katika Kizulu, na mara nyingi hufasiriwa kuwa ni hali ya unyonge wa moyo. Huko Zululand, katika miaka ya 1890, daktari wa jeshi la Uingereza David Bruce alikiona kimelea hicho katika damu ya wanyama. Ndiyo sababu jina la kitaalamu la kimelea, *Trypanosoma brucei*, limebeba jina lake. Na ni upande huohuo wa kusini mwa Afrika walikotoka mababu wa Wangoni, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na ambao baadhi ya makundi yao yalifika hapa na kuipa Songea sura tunayoijua. Basi ugonjwa wa mbwa wangu uliitwa kwa neno ambalo babu wa jirani yangu angeweza kulitambua. Sijui kwa nini jambo hilo lilinifariji. Pengine mwenye mgonjwa hushika chochote kilicho karibu.

Sindano ya diminazini ilimwinua. Baada ya wiki moja alikula ugali na dagaa wa Ziwa Nyasa, akabweka, akamfukuza kuku. Kisha katikati ya Agosti akaanza kuyumba. Alitembea kwa kuzunguka upande mmoja, akigonga miguu ya viti. Bwana mifugo alimtazama kwa muda mrefu, akaniambia bila kuzungusha maneno kwamba vimelea vimeingia katika ubongo, mahali ambapo dawa ile haifiki ipasavyo. Tungeweza kujaribu tena. Tulijaribu tena.

Hapo ndipo nilipoanza kuhitaji kuambiwa pole.

Kiswahili ni tajiri wa maneno ya kumwelekea mwenye mgonjwa, na utajiri huo umepangwa kwa uangalifu. Mgonjwa mwenyewe huambiwa *ugua pole*. Mwenye kumuuguza huambiwa *pole na mgonjwa*, au *pole ya kuuguza*, kisha huulizwa *anaendeleaje*, naye hujibu *hajambo kidogo* hata kama usiku ulikuwa mbaya. Anayepewa pole hujibu *nimeshapoa*. Kifo kikitokea, wa pwani watasema *makiwa*. Kila neno lina mahali pake na jibu lake, kama ngoma na kiitikio, na uzuri wa mpangilio huo ni kwamba mtu aliyechoka hana haja ya kubuni la kusema. Lugha humbebea.

Ila lugha hiyohiyo huweka geti. Binadamu *hufariki*, mnyama *hufa*. Mwili wa binadamu ni *maiti*. Wa mnyama ni *mzoga*. Mtu *huzikwa*, mbwa *hufukiwa*. Na mlangoni pa geti hilo amesimama bawabu mwenye silabi moja: *tu*. "Mwalimu, si mbwa tu?" Niliulizwa hivyo sokoni, kituo cha daladala, na kwenye ua wa nyumba yangu mwenyewe. Wengi hawakuuliza kwa ubaya. Walitaka kuniondolea mzigo, na waliona njia ya haraka ni kuufanya uonekane mdogo. Lakini mzigo haupungui kilo kwa kuitwa mdogo. Anayeubeba hujikuta tu ana jambo la pili la kubeba, nalo ni aibu ya kuona uzito. Washairi mnaifahamu *tu* nyingine, ile ya *tu pamoja* na *sisi tu wana wa mtaa mmoja*. Herufi ni zilezile mbili. Nilitamani mtu aniambie ile nyingine.

Mkuu wangu wa kazi aliisema kwa njia yake. Nilikwenda kuomba ruhusa ya siku mbili. Aliniuliza nani anaumwa, nikamjibu ni mbwa wangu. Alinyamaza kidogo, akachukua daftari la ruhusa, akaandika: *Ana mgonjwa nyumbani*. Hakuniangalia wala hakuniongezea neno. Mgonjwa! Nomino ya ngeli ya kwanza, ngeli ya watu, kwa wino wa kalamu nyekundu.

Kisha kuna mjukuu wa jirani, mwenye miaka saba, aliyepiga magoti kando ya gunia alilolalia Sijali na kumwambia, kwa sauti anayomwambia babu yake, "Ugua pole." Mtoto huyohuyo husema *mbwa yangu*. Kitabuni ni *mbwa wangu*, na nimekwisha kusahihisha kosa hilo katika madaftari yasiyohesabika. Lakini fikiria, msomaji: sarufi yetu yasema *rafiki yangu*, *ndugu yangu*, *mama yangu*. Kiumbe mwenye ngozi na manyoya anapewa *wangu*, na tuliofungamana naye kwa damu au mapenzi anapewa *yangu*. Mtoto alikuwa amemhamishia Sijali upande wa ndugu. Sikuona sababu ya kutoa kalamu nyekundu uani.

Katika fasihi yetu mbwa ana makao finyu. Ni tusi, au ni mfano. *Mbwa hafi maji akiona ufuko. Mcheza na mbwa huingia naye msikitini.* Hata Shaaban Robert, aliyekuwa na huruma isiyo na mipaka, alipoichukua hadithi ya *Alfu Lela u Lela* ya mtu aliyelazimishwa kuwachapa kila usiku ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa, akaiandika upya katika *Adili na Nduguze* (1952), aliwafanya wawe manyani. Nakisia kwamba alitaka msomaji wake wa Kiswahili awalilie wale ndugu, akahofu kwamba kwa mbwa hatalia. Lakini ni kisio langu tu.

Nilijaribu kutunga. Usiku wa Songea mwezi wa Agosti bado una baridi ya kuingia mifupani. Nilikaa kibandani na jiko la mkaa, Sijali amelaza kichwa juu ya kiatu changu, nami nikatafuta vina. Neno *mbwa* ni mizani miwili, kama *nchi* na *mbu*, kwa kuwa ile *m* husimama peke yake na kubeba mkazo. Nilidhani halina wenzake. Kumbe linao, na wote ni vitenzi vya kutendwa: *ombwa*, *pambwa*, *kumbwa*, *imbwa*, *umbwa*. Kisha nikakumbuka kwamba katika Kirundi na Kinyarwanda *imbwa* ndiye mbwa mwenyewe, na kwamba kamusi za zamani za Kiswahili zinamtaja *umbwa* kama jina lake jingine. Kwa hiyo kuna mbwa ndani ya kuimbwa na ndani ya kuumbwa. Sisemi kuna nasaba. Nasema masikio yangu yalikuwa macho saa nane za usiku.

*Nimekesha kibandani, kwa sauti sijaombwa,*
*Mawingu yamo machoni, kwa buluu yamepambwa,*
*Sijui sala ya nani, kwa huyu iliyoimbwa,*
*Naye yumo duniani, kama mimi ameumbwa.*

Ubeti wa pili haukuja. Kituo kilikwisha kusema lote nililokuwa nalo, na kibwagizo hakibandikwi kwa nguvu.

Nimwache kwa kifupi bibi wa nyumba ya pili, ingawa anastahili makala yake. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema *mbwa tu*, na kwa sauti. Alikulia katika nyumba ya wawindaji, ambako mbwa alipewa kazi na mabaki, basi. Asubuhi moja mwishoni mwa Agosti nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitikia, akanitazama macho. "Hujalala." "Sijalala, Bibi." Akaingia ndani, akatoka na chupa ya chai iliyojaa uji wa ulezi, akanikabidhi. "Kunywa wewe. Anayeuguza akianguka, wagonjwa wanakuwa wawili." Hakumtaja mbwa. Hakuchungulia kibandani. Kesho yake chupa ilikuja tena, na kesho kutwa, na tuliizoea njia hiyo: yeye huleta uji, mimi hurudisha chupa imesuuzwa, na kati yetu hapana mjadala wa nani anafaa kukeshewa na nani hafai.

Siku ya mwisho Sijali hakuweza kunyanyua shingo wala kumeza maji. Bwana mifugo alinieleza kuhusu sindano ya kumpumzisha, nami nikakubali. Kabla ya kuvaa glavu aliuliza, kwa adabu ileile anayoulizwa mtu mwenye mgonjwa wodini, "Mngependa kukaa naye?" *Mngependa*. Nilikuwa peke yangu. Nilikaa naye. Mkono wangu ulikuwa chini ya taya lake, na uzito wa kichwa kile ukazidi kidogo, kisha haukuzidi tena.

Kijana aliyekuja kuchimba alichagua mahali chini ya mparachichi, akapima kwa mpini wa jembe. Ardhi yetu ni nyekundu na wakati huo wa mwaka ni ngumu. Alichukua karibu saa nzima. Alipomaliza alifuta jasho, akaniuliza, "Mwalimu, tumfukie sasa?"

Kabla sijajibu, Bibi alikwisha kufika uani na chupa yake ya chai.

"Tumzike," alimwambia kijana, kama mwalimu anayesahihisha. Kisha akaketi juu ya jiwe, akanimiminia.

"Pole ya kuuguza," akasema.

"Nimeshapoa, Bibi."