Reli Iliyofuata Magogo

Kwetu Samunge treni ni habari ya kusimuliwa. Reli ilifika Arusha mwaka 1929, ikaishia hapo. Basi nilipohamia Muheza kikazi nikaambiwa kuwa kule Sigi, njia ya kupanda Amani, palikuwa na stesheni, nilidhani wenyeji wananitania mgeni.

Kumbe kweli. Wajerumani walianza kujenga reli ya kufika Sigi mwaka 1904, wakaimaliza 1910: kilomita 23 na ushei kutoka Tengeni, kwenye reli kubwa ya Usambara iendayo Tanga. Taasisi ya kilimo ya Amani ilikuwepo tangu 1902, nayo ikafaidi usafiri huo, lakini kilichowapandisha mlimani hasa ni magogo. Reli yenyewe ilikuwa nyembamba, sentimita 75 kati ya chuma na chuma, ili ipinde kona za mlima bila gharama kubwa. Hapo ndipo nawaonea huruma vibarua: reli ya Usambara ilikuwa ya mita moja, behewa la Sigi halikuweza kuendelea, kwa hiyo pale Tengeni kila gogo lilishushwa likapakiwa upya.

Leo vyuma vyote vimeng'olewa. Imebaki nyumba ya mkuu wa stesheni, ambayo imekuwa kituo cha taarifa cha wageni wa Hifadhi ya Amani. Watalii wanashuka kwenye Land Cruiser, wanaulizia vinyonga na mbega.

Sisi wa Samunge mambo haya ya neema kuja na kuondoka tunayajua. Mwaka 2011, watu walipomiminika kijijini kwetu kwa mganga Babu Ambilikile kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, foleni ya magari ilikuwa ya kilomita na kilomita. Mama zetu walichemsha chai usiku kucha, godoro lolote lililokuwa ndani likakodishwa. Wagonjwa walipoacha kuja, biashara nayo ikajifia, tukarudi kwenye mbuzi na mashamba yetu.

Ila Usambara reli iliondoka, uvunaji wa magogo haukuondoka. Malori yalishika zamu, na hadi miaka ya 1980 kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga, kikisaidiwa na Finland, kilikuwa bado kinaangusha miti ya mtambara. Hifadhi ya Amani ikatangazwa mwaka 1997. Tangu hapo mwanakijiji akikutwa na ubao mmoja usio na kibali, ana kesi ya kujibu.