Kamera ya Kumuumbua Mzee

Nikwambie ukweli, msomaji: kamera ile sikuinunua kwa mapenzi ya sayansi. Niliinunua ili nimuumbue mzee.

Usiku mmoja maabara yetu ililetewa damu ya mtoto mwenye homa. Nikaweka slaidi chini ya hadubini, nikatia tone la mafuta, nikaona vidoti. Nikaandika: malaria ipo. Mzee wa zamu akaitazama upya, akakata, akaandika: haipo.

"Dogo, hayo makapi ya rangi."

Mbele ya manesi! Nilinyamaza, lakini moyoni nilikuwa nachemka. Slaidi ikaingia kwenye boksi la kumbukumbu, nami nikaingia Kariakoo na hela ya mchezo.

Muuzaji wa kwanza akanitolea kamera kubwa ya megapikseli 24. "Hii kiboko, kaka." Bei nayo ilikuwa kiboko. Mshikaji wangu, fundi kamera, alicheka sana. "Kioo chake cha ndani kikiruka wakati wa kupiga, hadubini nzima inatikisika. Ukikuza mara 1,000, mtikisiko huo ni tetemeko. Na hizo megapikseli zote za nini?"

Tukapiga hesabu nyuma ya risiti. Lenzi yetu ya mafuta, ile ya mara 100, haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kuliko kama robo ya maikroni. Eneo unaloliona kwa mara moja lina upana wa kama maikroni 180. Ukitoa pikseli 2 kwa kila robo, zinatosha kama 1,440 kwa upana. Kamera ya megapikseli 5 inazo zaidi ya 2,500. Nyingine ni za kuringia tu.

Simu nilishaijaribu. Mkono ukisogea kidogo, giza. Na rangi inageuka kila picha. Sasa rangi ndiyo inayotuambia kila kitu: kwa Giemsa, kiini cha kimelea huwa chekundu na mwili wake buluu. Basi nikachukua kamera ndogo ya megapikseli 5, inayochomekwa kwenye tundu la lenzi ya jicho, milimita 23.2, waya mpaka kwenye kompyuta. Mwanga na rangi nazipanga mwenyewe, hazihami.

Nikajiona Robert Koch. Yule Mjerumani alichapisha picha za bakteria mwaka 1877, na mwaka 1897 hadi 1898 alikuwa hapahapa Dar es Salaam akichunguza malaria.

Nikaitoa slaidi boksini. Nikapiga picha chembe nyekundu zikiwa safi: vidoti vikawa ukungu. Nikazungusha kidogo, vidoti vikawa safi: chembe zikawa ukungu. Nikaziweka picha mbili pamoja kwenye kioo cha kompyuta. Jasho likanitoka. Vidoti havikuwa ndani ya chembe. Vilikuwa juu yake. Makapi ya rangi.

Usiku ule macho yangu yalikuwa na hasira na haraka. Kama karatasi yangu ingepita, mtoto angepewa dawa ya malaria, na homa yake halisi ingeendelea kumla.

Nilimpelekea mzee picha zote mbili. Nilitegemea maneno. Akavua miwani, akasogea, akatazama muda mrefu.

"Nitolee nakala," akasema. "Wanafunzi wa mazoezi wanaingia Jumatatu."