Hapo Tu

Nilimcheka mzee wa watu. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980, nami nilikuwa mwanafunzi wa utabibu niliyerudi nyumbani likizo, kwetu Ikungi, enzi hizo bado ni Singida Vijijini. Zahanati yetu ilikuwa na RMA, mganga msaidizi wa vijijini: darasa la saba, kisha miaka mitatu ya chuo. Baada ya Azimio la Arusha nchi ilijenga zahanati nyingi kuliko madaktari iliokuwa nao, ikawafundisha watu kama yeye.

Alikuwa na baiskeli ya Phoenix, kasha la dawa la mwezi na kauntabuku. Humo alichora vitongoji vyake vyote: visima, miji isiyo na choo, mji wenye mgonjwa wa kifua kikuu, mji wenye mjamzito na ng'ombe wa kukokota mkokoteni mpaka kwa masista wa Makiungu uchungu ukishindikana. Nilipouona ule mchoro wa kalamu ya risasi niliangua kicheko. Mimi nilikuwa nimekariri mifupa yote kwa Kiingereza, bwana!

Sitaki kumtukuza. Kwake kila homa ilikuwa malaria, na kila malaria klorokwini, hata mtoto akiwa anahema kwa nimonia. Dawa yenyewe serikali iliiacha mwaka 2001.

Baadaye nikawa mwalimu wa utabibu, nikaalikwa kwenye vikao vya mitaala. Mafunzo ya RMA yalikoma, sikutoa chozi. Kisha ikaja zamu ya AMO, wale matabibu walioongezewa miaka miwili wakaruhusiwa kushika kisu. Hapo nilisita, maana utafiti wa Mwanza na Kigoma uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta sehemu kubwa ya upasuaji wa wajawazito iko mikononi mwao. Lakini tukaambiana vyuo vikuu vinakuja, madaktari watajaa. Kweli wamejaa, wengine wako mjini wakisubiri ajira, na vijijini bado tunahesabu upungufu.

Majuzi nilikwenda nyumbani kwenye msiba, nikamsindikiza shangazi zahanati. Jengo jipya, bati la rangi. Tabibu ni kijana mwenye diploma, mpole, mikono safi. Mbele yetu alikuwapo mama na mtoto mwenye homa. Kijana akamtoboa mtoto kidole, akasubiri kipimo, hakukisia. Si malaria. Akamsikiliza kifua, akampa dawa. Moyoni nikasema, haya ndiyo tuliyoyataka.

"Nyumbani ni mbali, mama?"

"Hapo tu, daktari."

"Basi usiku akizidiwa umrudishe."

Akaandika, akaita mwingine. Nilitaka kumwambia kwamba "hapo tu" ya Wanyaturu haina kipimo, kwamba mzee yule angefunua kauntabuku kwanza. Nikakumbuka kikao kimoja chuoni. Wiki za wanafunzi kuishi kijijini zilikuwa zinatunyima nafasi kwenye ratiba, nasi tulihitaji saa za kompyuta. Aliyependekeza zipunguzwe ni mimi. Nilipigiwa makofi.

Nikamfuata yule mama nje. Alikuwa anakaza khanga, mtoto mgongoni.

"Hapo tu ni wapi, mwanangu?"

Akanyoosha mdomo kuelekea majabali, ng'ambo ya korongo, kulikoanza kutanda wingu la mvua. Akashika njia.