Bibi wa Kewanja na Neno la Hapana

Mwambao una jina lake la kumwita mwanamke asiyejua kukataa: huitwa mwema. Hupika kwenye matanga ya watu, hukopesha asilipwe, huketi ukingoni mwa mkeka wake mwenyewe, na wema huo husifiwa mpaka siku atakapouliza kilicho chake. Aghalabu siku hiyo huja utu uzimani. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba wa mwaka 1880, alikuwa akikaribia hamsini aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Waliomkejeli kwa sura na asili walikuwa wamekwisha kujibiwa kwa uimbaji.

Lakini Siti alikuwa na sauti. Je, asiyekuwa nayo? Mbali na bahari, katika kijiji cha Kewanja, Nyamongo, wilayani Tarime, Wakurya wana jibu lao la kale, nalo si wimbo bali ni nyumba.

Kwa mila yao, ardhi na ng'ombe hufuata watoto wa kiume. Mjane asiye na mwana huishi kwa hisani ya mashemeji, na hisani haikosi masharti: asiseme sana, asiulize mipaka, awape chakula wanapopita. Tangu mgodi wa North Mara uanze kutoa dhahabu mwaka 2002, ukaribu wa kijiji hiki na machimbo umeifanya hisani hiyo iwe na bei. Shamba la mihogo laweza kupimwa kwa ajili ya fidia, na kila aliyelisahau akalikumbuka.

Hapo ndipo mke mtu mzima, kama ana ng'ombe, huweza kuanzisha nyumba ntobhu, yaani nyumba ya wanawake. Humtolea mahari msichana, akamleta kwake. Msomaji wa mwambao asiharakishe kuwaza. Hakuna unyumba baina yao. Mdogo huzaa na mwanamume, na watoto huitwa wa nyumba ya mkubwa, wakarithi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haiitambui ndoa hiyo, maana ndoa kwayo ni ya mume na mke. Ng'ambo ya mpaka mambo yalikwenda vingine: mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya, iliyoketi papo hapo Mombasa, iliikubali ndoa ya namna hii ya mila ya Wanandi katika shauri la mirathi.

Yafaa kuufikiria ugumu wa siku ya kwanza. Mwanamke ambaye kwa miaka thelathini alijibu "ndiyo" kabla swali halijamalizika, sasa anatoka zizini, amehesabu ng'ombe wake, anawaambia wanaume wa ukoo kwamba hahami wala hagawi. Magoti yanatetemeka. Hajawa jasiri, amechoka tu, na uchovu nao una kazi yake. Watasema ana kiburi. Aliogopa neno hilo maisha yake yote, na kumbe likishasemwa jua huchwa kama jana.

Ila ushindi huu una mtu wa pili, ambaye wasifiaji wa mila humpita upesi. Mkamwana aliyeletwa kwa ng'ombe aweza kuwa msichana mdogo, wazazi wake wakiwa wahitaji, naye hakuulizwa. Sasa yeye ndiye mwema wa nyumba: huteka maji, hulima, hunyamaza. Basi na itokee jioni moja, mtoto mgongoni, aambiwe ni mwanamume gani anayefaa kumzalia, naye, bila kuinua macho, aseme hapana.

Mwenye nyumba atalijua neno hilo. Ni lake. Njia iliyo karibu ni kuwaita mashemeji wale wale waje kumtia adabu. Iliyo mbali ni kumsogezea kigoda.