Deni la Ujiji

Jumamosi nilitoka Kigoma kwenda Ujiji, safari fupi tu, kukopa dagaa wa sikukuu ya kigango chetu. Mama muuzaji akaniuliza, "Mwanangu, wewe si wa kanisa lile?" Nikaitika. Akakirudisha kisado guniani. Kumbe Mkristo mwenzetu alikopa magunia mawili, akatorokea ng'ambo ya ziwa. Tangu hapo mama hakopeshi mtu wa kwetu. Niliona haya, na kosa si langu!

Nikaenda kupumzika penye miembe, karibu na mnara wa Livingstone. Mwaka 1871 mzee yule alirudi hapo kutoka Manyema, amedhoofu, akakuta Sherif aliyekabidhiwa mali yake ameiuza yote. Lakini Mwarabu mwingine, Syed bin Majid, alimjia akataka kuuza pembe zake za ndovu amsaidie. Yeye hakuwa na deni lolote.

Jumapili baada ya Misa nikaieleza jumuiya. Wengine walinung'unika: aliyekula ndiye alipe. Mzee mmoja mvuvi akavua kofia, akatia shilingi elfu kumi, akaizungusha. Hazikutosha. Jumamosi ijayo nitazipeleka hivyo hivyo.